AC inapuliza tu, haipoozi

Wanaoishi Moshi wanalijua joto la Februari, usiku hata shuka hulitaki. Mama yangu ana presha, kwa hiyo AC ya chumbani kwake kwetu si anasa kabisa. Wiki iliyopita ikaanza kupuliza hewa ya kawaida tu, rimoti inasoma 18 lakini chumba kinafukuta, nikamwita fundi, akaja akaiangalia kwa mbali akasema gesi imeisha, andaa laki na nusu.

Jamani, gesi ya AC haiishi kama ya jiko! Inazunguka humo humo kwenye mabomba, ikipungua ujue kuna sehemu inavuja, na fundi akijaza bila kutafuta panapovuja hela yako imeenda. Iliniuma kweli.

Nikazima mpaka kwenye swichi ya ukutani, nikafungua mfuniko wa mbele. Chujio limeziba vumbi nene kama blanketi, rangi ya udongo wa barabara yetu ya Pasua, na nyuma yake koili (yale mabomba yanayopoza hewa) imeganda barafu nyeupe. Hewa ikikosa pa kupita koili inapoa kupita kiasi, unyevu unagandia pale, ndo ubaridi haukufikii. Nikaacha barafu iyeyuke yenyewe masaa kama matatu hivi (usikwangue na kisu, utatoboa bomba), chujio nikaliosha na maji na sabuni kidogo nikalianika kivulini, na lile boksi la nje nikalimwagia maji taratibu maana nalo lilikuwa vumbi tupu.

Jioni nikaweka 24. Mama akaomba shuka.