Tandu wangu kaniuma leo

Naandika kwa mkono mmoja, herufi zikipotea mtanisamehe. Tandu ninayemfuga kaniuma kidole cha shahada asubuhi hii, nilipokuwa nambadilishia maji.

Watu husema "kang'ata", lakini tandu hachomi kwa meno. Ni jozi yake ya kwanza ya miguu, ile iliyogeuka kuwa makucha ya sumu chini ya kichwa. Yalipoingia nilihisi kama nimechomwa sindano, nikasema kumbe si kitu. Wallahi, nilipovuta pumzi ya pili moto ukapanda hadi kwenye kiwiko, unadunda pamoja na moyo. Kidole kimeumuka kama andazi.

Bibi yangu, ambaye yuko hapa Chake Chake kututembelea kutoka Wete, kaniangalia tu. "Wenzio hufuga kuku, hufuga bata. Wewe mjukuu wangu umekosa nini?" Kisha akataka kunipaka mafuta ya taa. Nikamwambia bibi, niinjikie maji tu. Nikatia kidole kwenye maji ya moto ninayoweza kuyavumilia bila kuungua, na maumivu yakaanza kushuka. (Ila ukiona pumzi inabana au uso unavimba, usikae na beseni, kimbia hospitali.)

Mwenyewe karudi chini ya kifuu chake, na mende niliyempa kammaliza. Simtupi. Maji atabadilishiwa kwa kibano. Bibi lakini kashasema, chupa ile ya tandu ikilala ukumbini tena, yeye anapanda gari ya Wete kesho.