Nilivyopata mtaalamu wa usikivu, na nilivyoibana bima mpaka ikalipa

Kila mtu Arusha ana dawa ya sikio. Jirani yangu wa Sombetini alinishauri nikaange kitunguu swaumu kwenye mafuta ya alizeti, nidondoshe matone yakiwa vuguvugu. Fundi wa rangi pale gereji aliapa kwa mkojo wa ngamia. Duka la dawa ndiyo usiseme: kijana hakuinuka hata kwenye kiti kuniangalia, akanisukumia chupa ya matone ya antibayotiki na kuniambia, "Mzee, tumia wiki, ukiona bado, rudi." Nilitumia. Nikarudi. Akanipa chupa ileile.

Mimi nafanya kazi kwenye gereji ya kampuni ya utalii, Unga Limited. Magari yanarudi kutoka porini yakiwa hoi, na kazi yangu ni bodi na chesisi, yaani grainda, kompresa na nyundo kutwa nzima. Viziba masikio vipo. Vimetundikwa kwenye msumari ukutani, visafi kabisa, vinasubiri siku wakaguzi wa usalama kazini, OSHA, watakapopita. Kwa hiyo sikushangaa sana sikio la kushoto lilipoanza kuimba kama nyenje wa kiangazi. Kilichoniudhi ni namba. Mtu akiniomba spana ya kumi na sita nampelekea ya kumi na tisa, halafu wanacheka. Nyumbani watoto wakaacha kuniita, wakawa wananigusa bega.

Sasa nisimulie habari za shemeji yangu, maana bila yeye nisingefika hospitali. Shemeji alikwenda Dar, akarudi na kiboksi kutoka Kariakoo. Ndani kuna kidude cha rangi ya ngozi cha kuning'iniza nyuma ya sikio, betri tatu, na karatasi ya maelezo ya Kichina. "Shem, haya mambo ya kupimwa ni kupoteza hela. Washa, vaa, sikia." Alikuwa ametumia kama elfu arobaini, au alisema hivyo. Kataa zawadi ya shemeji uone.

Jioni ileile tulikuwa na kikao cha harusi, baa moja Kijenge. Nikakivaa. Ee bwana, nilisikia! Nilisikia viti vya plastiki vikiburuzwa, nyama ikichanika, chupa zikigongana meza ya tatu, pikipiki barabarani, na mpira kwenye televisheni. Kila nikigeuza shingo kidude kinapiga mluzi, watu wanatazama chini ya meza wakidhani ni simu. Mtu pekee nisiyemsikia alikuwa mweka hazina, aliyekaa mbele yangu. Akanitazama, akasema jambo, nikatikisa kichwa kwa heshima. Akasema tena, nikatikisa tena, safari hii nikaongeza tabasamu. Watu wakapiga makofi. Nikajua nimejibu vizuri. Kesho yake kwenye grupu la WhatsApp jina langu lilikuwa limeandikwa laki tatu, wakati nilikuja na nia ya laki moja. Shemeji mwenyewe alikuwa ametoa elfu hamsini.

Vidude vile vinakuza kila kitu kwa pamoja. Sikio lililoumizwa na kelele halijapoteza sauti zote. Limepoteza zile nyembamba, sauti za s, f, t, zinazotenganisha neno na neno, huku ngurumo nene bado unazisikia. Ukikuza vyote, unazidisha kelele na maneno yanabaki palepale. Hili nilielezwa baadaye na mtu aliyesomea.

Kumtafuta huyo mtu aliyesomea ndiko kulikoniumiza kichwa. Daktari wa masikio, pua na koo ni mmoja, na mtaalamu wa usikivu ni mwingine. Daktari anatibu: usaha, ngoma ya sikio iliyotoboka, uvimbe. Mtaalamu wa usikivu anapima unasikia kiasi gani, kisha anakuchagulia shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, na kukirekebisha kikufae wewe. Unawahitaji wote wawili, na kwa mpangilio huo. Watu niliowauliza waliwachanganya, wakaongeza na muuza miwani.

Basi nikatunga swali langu moja la simu, nalo najivunia mpaka leo. Popote waliponiambia wanapima masikio, niliuliza: "Mna chumba kilichozibwa sauti?" Ni hilo tu. Sehemu moja mjini walinijibu, "Baba, njoo tu, tunapima hapahapa kaunta." Nikawashukuru. Mwingine akasema chumba hakihitajiki, wana programu kwenye simu. Programu hizo zipo, hata Shirika la Afya Duniani wanayo ya kwao, ila ni za kukuambia kama kuna haja ya kwenda kupimwa. Huwezi kuuziwa kifaa cha milioni kwa kipimo kilichofanywa pembeni ya daladala zinazopiga honi. Kama huna bima na hela inabana, subiri tarehe 3 Machi, Siku ya Usikivu Duniani, maana siku kama hizo kuna hospitali hupima watu bure. Mimi ilikuwa imeshapita.

Mwishowe barua ya rufaa ikaandikwa kwenda KCMC, Moshi, hospitali ya rufaa ya kanda iliyopo tangu 1971. Usiende bila barua kama unatumia bima. Wenzangu wawili gereji walikuwa na ile bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, ya enzi za elfu thelathini kwa kaya ya watu sita. Hiyo ilikuwa inaishia hospitali ya mkoa, yaani Mount Meru kwa sisi wa Arusha na Mawenzi kwa wa Moshi. Kanda ilikuwa nje. Uliza kadi yako inafika ngazi gani kabla hujapanda Coaster.

Pale KCMC kwanza walichungulia masikio. Sikio la kulia lilikuwa na nta imejaa kama mfuniko, kazi ya zile pamba za vijiti ninazosukumizia ndani kila Jumapili kwa usafi. Ikatolewa, nikapata nafuu ya papo hapo upande huo, nikataka kuondoka. Nikazuiwa. Kipimo chenyewe ni kukaa ndani ya chumba kidogo chenye kuta nene, headifoni masikioni, kitufe mkononi. Ukisikia mlio, hata ule unaohisi umeuota, bonyeza. Usibahatishe kwa kujipendekeza. Mimi nilianza kubonyeza ovyo ili nionekane mzima, dada wa pale akafungua mlango akacheka. Halafu wanarudia na kingine kinachokandamizwa kwenye mfupa nyuma ya sikio, kujua kama shida iko njiani au iko ndani kabisa kwenye neva.

Karatasi inayotoka ina michoro miwili. Duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya x ya bluu ni la kushoto. Kadiri mstari unavyoshuka ndivyo usikivu ulivyopungua. Mtu mwenye masikio mazima hubaki juu ya mstari wa desibeli 20. Wangu wa kushoto ulitembea vizuri kwenye sauti nene, ulipofika kwenye nyembamba, karibu na hezi 4,000, ukatumbukia. Yule dada akaniuliza, kabla sijasema neno, "Baba, unafanya kazi kwenye mashine?" Shimo la pale ni alama ya kelele. Vinywele vya ndani ya sikio vikishakufa havioti tena, hakuna matone wala mkojo wa mnyama yeyote utakaovirudisha.

Sasa bima. Kampuni yetu imetukatia bima binafsi, silitaji jina. Nilipiga huduma kwa wateja nikauliza, "Mnalipia mambo ya masikio?" Jibu likaja, "Hapana mteja, masikio hayamo." Hapo wengi hukata simu wakakopa. Mimi nikaenda dirisha la bima hospitalini. Yule mama wa dirishani anajua mikataba ya bima kuliko wenye bima. Akaniambia nisiulize habari za masikio. Niulize vitu vitatu, kila kimoja peke yake: kumwona daktari bingwa, kipimo cha usikivu, na kifaa. Nikapiga tena, mhudumu mwingine. Daktari bingwa? "Analipiwa, ukiwa na rufaa." Kipimo? "Kinalipiwa kama daktari ameagiza." Kifaa? "Hapana." Mbili kwa tatu, kutoka kwa watu walioniambia hapana yote.

Kifaa nacho sikukiachia. Nilimwomba afisa utumishi kile kijitabu cha mkataba, sio kipeperushi chenye picha ya familia inayocheka. Alikitafuta wiki nzima. Nikakisoma mstari kwa mstari, mwanangu wa sekondari akinisaidia Kiingereza chake. Neno shimesikio halikuwemo kwenye orodha ya visivyolipiwa. Na ukurasa mwingine kulikuwa na fungu la vifaa saidizi, magongo, mikanda ya mgongo "na vinginevyo vitakavyoagizwa na daktari bingwa", likiwa na kikomo chake kwa mwaka. Vinginevyo! Nikalipigia mstari mwekundu.

Nikaandika barua pepe, nakala kwa afisa utumishi, nikaambatanisha rufaa, mchoro wa kipimo, barua ya daktari na profoma ya bei ya kifaa. Wakajibu kwa ujanja: barua ya daktari inasema chanzo ni kelele za kazini, hivyo ni suala la kazini, si lao. Nilikasirika nikalala. Asubuhi nikawajibu mstari mmoja: naomba mnionyeshe kifungu. Kijitabu kilikuwa kinakataa "ajali za kazini", na mimi sikuanguka popote. Kimya. Nikatuma tena kila Jumatatu, maneno yaleyale, kwa adabu. Likaja jibu kwamba "kwa kuzingatia hali ya mteja" watalipa mpaka kikomo cha fungu lile, iliyobaki niongeze mwenyewe, na nitarudishiwa nikishaleta risiti. Risiti iwe ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na iwe na jina langu kama lilivyo kwenye kadi. Waliponiandikia jina moja tu niliirudisha palepale dirishani.

Kifaa cha sikio moja kilikuwa milioni na ushee. Bima ilirudisha zaidi ya nusu kidogo. Mtaalamu alisema kulia nisubiri, tupime tena baada ya mwaka.

Walimwaga ute sikioni kuchukua umbo lake, wakatengeneza kizibo changu peke yangu, kwa hiyo hakuna mluzi. Halafu kifaa kinachomekwa kwenye kompyuta na kupangwa kufuata ule mchoro, sauti nyembamba zinaongezwa, nene zinaachwa. Siku za mwanzo ni kero. Bomba la maji linapiga kelele, mfuko wa nailoni unachana ubongo, sauti yako mwenyewe unaisikia kama ya mtu mwingine. Wengi huvivua hapo na kuvitupa kabatini. Nilielekezwa nianze saa chache nyumbani, niongeze taratibu, kisha nirudi kurekebishiwa. Nilirudi. Kurekebishiwa kulikuwa ndani ya bei, jambo la kuuliza kabla hujalipa. Gereji sikivai grainda ikiwa inawaka. Nakitia kwenye kasha, navaa vile viziba vya ukutani ambavyo sasa vina vumbi la chuma kama vinavyotakiwa.

Kuhusu lile la kazini, bima walinifumbua macho bila kupenda. Kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliotokana na sheria ya 2008 na kuanza kazi 2015. Anayechangia ni mwajiri, mshahara wako haukatwi. Si wa ajali tu. Magonjwa yanayosababishwa na kazi nayo yamo, na mwajiri ndiye anayetakiwa kutoa taarifa. Bosi mwanzoni alidhani nataka kumshtaki. Nilipomwonyesha kwamba anachangia kila mwezi kwa ajili ya mambo kama haya, akasaini. Faili lipo huko, nalifuatilia.

Betri zangu ni namba 13, zenye kibandiko cha rangi ya chungwa. Ukishabandua kibandiko hewa inaingia na betri inaanza kuliwa hata kama hujaivaa, kwa hiyo usizibandue zote kwa furaha kama nilivyofanya na pakiti ya kwanza. Bandua moja, iache dakika moja ndipo uiweke. Hukaa wiki moja hadi mbili. Arusha nimezikuta duka moja kwa bei ya kuruka, hivyo nachukua pakiti kadhaa Moshi kila ninapokwenda kurekebishiwa, na za akiba nampa mke wangu azifiche.