Likizo uliyobakiza inakwenda wapi?

Jana nimekabidhi ofisi, na kwenye malipo ya mwisho nimekuta siku zote za likizo ambazo sikuzichukua zimegeuzwa fedha. Nimefurahi kweli, maana mwajiri wangu wa zamani alikuwa na utaratibu mwingine kabisa: mwaka ukiisha, likizo iliyobaki inafutwa. Kuna mwenzetu alikuwa akiomba ruhusa anaambiwa kazi ni nyingi, asubiri. Akasubiri mpaka Desemba, siku zake zikapotea. Iliniuma sana, kwa sababu hakukataa yeye kupumzika. Wengine huruhusu kuhamisha siku chache, tena sharti zitumike miezi ya mwanzo ya mwaka unaofuata.

Mkataba Na. 132 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1970, unataka likizo ya mwaka isipungue wiki 3, na anayeacha kazi afidiwe sehemu ambayo hajaichukua. Lakini unazibana tu nchi zilizouridhia.

Siku za ugonjwa ni habari nyingine. Mara nyingi hazilipwi ukiondoka, kwa kuwa zipo kukulinda ukiugua. Ila watumishi wa serikali kuu ya Marekani huzilimbikiza bila kikomo, na wakistaafu zinaongezwa kwenye muda wa utumishi unaotumika kukokotoa pensheni. Huo nauona ni uungwana.

Ndugu zangu, kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, omba salio lako la likizo kwa maandishi. Je, kwenu mwaka ukiisha wanafanyaje?