Siku moja ya kufunga sonda ya kina kwenye kanoti, Goma

Saa 12:30 asubuhi. Ziwa Kivu bado limetulia, kwa hiyo tunaanza kwa kusoma maji. Kanoti ya leo ni ya faibaglasi, ina moteri moja nyuma. Mmoja anashika usukani; mwingine, akiwa amevaa jaketi la kuokolea, anainama tezini, yaani nyuma ya boti, na kutazama maji yanavyotoka chini ya boti: kwanza polepole, kisha mwendo wa kati, kisha kasi. Tunatafuta ukanda ambao maji yake yanatoka laini, bila povu. Sonda, kifaa cha kupima kina cha maji, hupiga sauti chini na kungoja mwangwi. Povu ni hewa, na hewa huizuia sauti kabla haijafika popote. Wengi wanaolalamika kwamba mashine ni mbovu wana mashine nzima iliyofungwa penye povu.

Saa 2:00. Kanoti iko nchi kavu. Tunalala chini yake na chaki, tukifuata kila kinachotokeza kuanzia omo (mbele) hadi tezi: mbavu za nje, tundu la kuvutia maji, kichwa cha skrubu, hata kiraka kilichopakwa vibaya. Kila kimoja huacha mkia wa povu nyuma yake, na mikia hiyo tunaichora yote. Ikiwa propela inazunguka kulia ukiitazama kutoka nyuma, tunachagua upande wa kulia, ambako makafi ya propela yanashuka, maana makafi yanayopanda huchafua maji zaidi. Kutoka propela tunaacha sentimita 38 au zaidi. Lakini usikimbilie pembeni kabisa: boti ya tumbo la V ikishapanda juu ya maji, pembeni hukauka, na kwenye kona ndiyo huinuka kwanza. Ukanda unaobaki mara nyingi ni mwembamba kuliko mwenye boti alivyodhani.

Saa 4:00. Uamuzi wa aina ya ufungaji. Ufuo wa Goma ni mawe ya lava, yenye makali, na sonda inayoning'inia tezini hugongwa kanoti ikivutwa. Kwa hiyo tunapendelea kishikizo kinachojikunja kikipigwa. Kuifunga ndani, bila kutoboa, inawezekana pale tu sakafu ya boti ni faibaglasi tupu. Kukiwa na mbao au povu gumu katikati ya tabaka, sauti haipiti vizuri. Kwa boti ya alumini tunakataa sonda ya shaba inayopita kwenye tumbo, kwa sababu metali hizo mbili zikiwa majini alumini huliwa. Na kwa boti ya mbao tunakataa ya plastiki: mbao hulowa, hutanuka, na kuipasua.

Saa 5:30. Hatutoboi tezi kwa skrubu za kishikizo moja kwa moja. Kwanza tunafunga ubao mdogo wa plastiki ngumu, na kishikizo kinafungwa juu yake. Hivyo sonda inaweza kusogezwa baadaye bila tundu jipya kwenye boti. Tundu za mwanzo ni milimita 4. Utepe unazungushwa kwenye ncha ya keekee kuonyesha mwisho wa kina. Kila tundu linajazwa gundi ya kuziba ya boti, ile inayostahimili kukaa majini. Uso wa sonda unashuka milimita 3 chini ya tumbo. Kwenye alumini ni milimita 10. Waya haukatwi: kinachozidi kinakunjwa, mbali na nyaya za moteri na za redio.

Saa 8:00 mchana. Majaribio, na hapa ndipo Kivu hudanganya watu. Tunachagua maji baridi kwenye mipangilio, si ya bahari, kisha tunakaa penye kina cha mita 10 hadi 20. Tukiongeza kasi na namba ya kina kwenye skrini ikapotea hapo, mahali au kimo cha sonda kina kasoro: tunashusha milimita 3, tunajaribu tena. Maji yakiruka nyuma ya sonda kama mkia wa jogoo, imeshuka mno. Lakini Kivu lina kina cha karibu mita 480, na ufuo hushuka haraka. Namba ikipotea katikati ya ziwa hata boti ikiwa imesimama, usihamishe sonda. Sauti ya masafa ya kilohezi 200 huonyesha vizuri maji mafupi lakini hufifia mapema. Kwa kina kirefu hutumika kilohezi 50, pamoja na nguvu ya kutosha.

Saa 10:00. Tunapima kimo kutoka uso wa sonda hadi sehemu ya chini kabisa ya mkuku (uti wa chini wa boti) au moteri, na kukiingiza kwenye mashine, ili namba ya skrini iwe maji yaliyobaki chini ya boti. Skrubu zinakazwa mara ya mwisho, na ndani ya tezi tunapitisha kitambaa kikavu kutafuta unyevu. Kikitoka na maji, skrubu inatolewa na tundu linajazwa gundi upya kabla kanoti haijarudi kazini.