Kabla filamu yako fupi haijafika tamashani

Filamu fupi nyingi za watu wetu walioko Ujerumani hazikwami kwa sababu ya kamera wala waigizaji. Zinakwamishwa na tarehe, fremu, karatasi na haraka. Haraka ndiyo mbaya kuliko zote: filamu imeisha Jumamosi, Jumapili iko YouTube ili wazazi Tanga na marafiki Bujumbura waione, Jumatatu mwenye nayo anaanza kutafuta tamasha. Yapo matamasha yanayovumilia filamu iliyokwisha kuwekwa wazi mtandaoni, na yapo yasiyovumilia hata siku moja. Ukiifuta haisaidii, maana ilishaonekana. Mzazi mpe linki yenye neno la siri. Atalalamika kwamba unamsumbua. Mwache alalamike mwaka mzima.

Mwaka mzima si utani. Filamu fupi huzunguka matamashani mwaka mmoja hadi miwili, na tamasha la kwanza huamua yatakayofuata. Rotterdam na Clermont-Ferrand huangukia Januari na Februari, Berlinale Februari, Oberhausen mwishoni mwa Aprili kuingia Mei, Cannes Mei, tamasha la filamu fupi la Hamburg Juni, interfilm ya Berlin Novemba. Mapokezi ya filamu hufungwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo anayemaliza kuhariri Desemba ameshapitwa na msimu wa baridi. Anza na yale makubwa yanayodai onyesho la kwanza la dunia au la kimataifa (la kwanza nje ya nchi ya filamu), ngoja majibu, halafu ndipo uteremke kwa yasiyojali. Ukiikodia filamu ukumbi Köln, ukauza tiketi na kubandika tangazo, umeshafanya onyesho la kwanza la Ujerumani, hata kama walikuja shangazi na majirani tu. Onyesho la ndani kwa walioshiriki kuitengeneza, lenye majina ya walioalikwa na lisilotangazwa, kwa kawaida halihesabiwi.

Kwenye fomu, swali linalowababaisha watu ni nchi ya filamu. Wengi huandika Tanzania kwa kuwa mwongozaji ni Mtanzania, au Kenya kwa kuwa picha zilipigwa Lamu. Nchi ya filamu hufuata mtayarishaji na fedha. Watu Wote, iliyoshindania Oscar mwaka 2018, ilipigwa Kenya na watu wanazungumza Kiswahili na Kisomali, lakini ilikuwa kazi ya kuhitimu ya Hamburg Media School. Filamu ikiwa ya Kijerumani, onyesho lake la Hamburg ni la nyumbani, na Oberhausen inaweza kuingia kwenye shindano la Ujerumani. Ukitaka iwe ya nchi mbili, hakikisha kuna mtayarishaji wa kweli kila upande na mkataba unaosema nani ametoa nini na anamiliki asilimia ngapi. Kurasa mbili zinatosha, ila zisainiwe kabla ya kupiga picha. Baada ya tuzo kila mtu hukumbuka mchango wake kuwa mkubwa.

Hapo hapo lipo suala la kibali cha kupiga picha. Aliyechukua pasipoti ya Ujerumani na alikuwa Mtanzania sasa ni mgeni mbele ya Bodi ya Filamu ya Tanzania, kwani Tanzania haina uraia pacha kwa mtu mzima. Kenya imeuruhusu tangu katiba ya 2010, lakini mtayarishaji wa kigeni hupitia wakala aliyesajiliwa huko. Droni huombewa kibali chake peke yake kote kuwili.

Urefu. Cannes, filamu fupi isizidi dakika 15, Berlinale Shorts, 30, Oscar, 40, na majina ya mwisho yamo ndani ya hesabu hiyo. Lakini kikomo kisikudanganye. Anayepanga programu ana dakika 80 au 90 za kujaza kwa filamu tano hadi saba, na yenye dakika 28 inakula nafasi za mbili au tatu. Dakika 12 zilizokaza hupita mahali ambapo dakika 25 nzuri haziwezi kupita. Kata hizo dakika mbili za shukrani kwa ukoo mzima.

Sasa fremu, yaani picha ngapi kamera inarekodi kwa sekunde, ambapo makosa ni mengi na hayarekebishiki kirahisi. Umeme wa Afrika Mashariki na wa Ujerumani wote ni wa hezi 50. Simu nyingi zikiachwa zilivyo hurekodi fremu 30 kwa sekunde, tena zisizo thabiti: mara 29, mara 30. Matokeo ni mawili. Chini ya taa za mirija picha huwa na mistari inayotembea, na kwenye uhariri sauti huanza kuachana na midomo baada ya dakika kadhaa. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga fremu 24 au 25 na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, na kamera zote mbili au tatu mlizo nazo ziwe na mpangilio uleule kabla ya kupiga picha ya kwanza.

Kati ya 24 na 25, chagua 24 kama unalenga ukumbi wa sinema. Fremu 25 huchezwa na projekta nyingi za leo, si zote, na fundi asiyetaka kubahatisha huipunguza kasi hadi 24. Filamu hurefuka kwa asilimia 4, na sauti zisiposahihishwa huwa nzito kidogo. Ya dakika 14 na sekunde 40 inakuwa dakika 15 na sekunde 17 hivi. Hapo kikomo cha dakika 15 umekipita bila kuongeza picha hata moja.

Sauti ya filamu iliyopimwa kwa ajili ya mtandao, karibu LUFS -14 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ukumbini inapiga kelele. Fundi ataishusha, na minong'ono yote itapotea. Hata kipimo cha televisheni za Ulaya, LUFS -23, kiko chini sana kuliko hicho. Kama huna fundi wa kukuchanganyia sauti kwenye chumba cha sinema, angalau mazungumzo yawekwe kwenye spika ya katikati. Yakiachwa stirio, aliyekaa kiti cha pembeni kushoto husikia mama na mtoto wote wakizungumza kutoka ukuta wa kushoto.

Muziki nao una kesi zake. Wimbo wa taarabu unaosikika harusini nyuma ya waigizaji una haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na unazihitaji zote kwa maandishi. Ruhusa ya matamasha pekee huwa nafuu kuliko ya kila kitu, ila siku kituo cha televisheni kikiitaka filamu utarudi kuomba upya. Njia nyepesi ni kumlipa mpiga kinanda au oud akutungie, kwa mkataba unaotaja nchi zote, njia zote za kuonyesha na muda wote.

Maandishi ya tafsiri yawe mistari miwili, herufi zisizozidi 40 hivi kwa mstari, yasikae chini ya sekunde moja wala kuzidi sita au saba. Kiswahili kina faida hapa: neno moja kama "hawajatuambia" linabeba sentensi nzima ya Kiingereza, ila mzungumzaji wetu ni mwepesi wa ulimi, kwa hiyo punguza, usitafsiri kila kitu. Mashine hukwama kwenye "shikamoo" na "marahaba". Mtazamaji wa Dresden hahitaji maelezo ya heshima, anahitaji salamu fupi yenye kuonyesha kwamba huyu ni mdogo na yule ni mkubwa. Sheng na Kiswahili cha Bukavu vitafsiriwe na anayevizungumza. Kwenye linki ya kutuma, Kiingereza kibandikwe moja kwa moja juu ya picha. Kwenye nakala ya ukumbini, maandishi yawe faili la pembeni, ili tamasha la Ufaransa liweke Kifaransa. Na tunza nakala isiyo na maandishi yoyote, hata jina la filamu. Wengi huikumbuka wakati kompyuta ya mhariri imeshauzwa.

Kutuma filamu kwa matamasha hufanyika zaidi kupitia tovuti ya FilmFreeway, na kwa filamu fupi za Ulaya pia Shortfilmdepot. Kufungua akaunti FilmFreeway ni bure. Ada ni ya tamasha, na hupanda kadiri tarehe zinavyosogea, kwa hiyo mwenye subira hapa ndiye anayelipa zaidi. Panga bajeti ya ada tangu mwanzo, tuseme euro 300, kisha chagua matamasha 12 badala ya kumwaga kwa 60. Barua ya kuomba msamaha wa ada iende wiki tatu kabla ya tarehe ya kwanza, iwe na mistari sita: filamu ni nini, dakika ngapi, nani ametengeneza, imeonyeshwa wapi au haijaonyeshwa, linki, ombi. Hadithi ya shida zako usiiweke. Anayesoma anatafuta sababu ya kuitazama filamu, si ya kukuhurumia.

Jihadhari na matamasha yanayotoa tuzo kila mwezi, yenye vipengele mia, yasiyotaja ukumbi wowote, na yanayokuuzia kikombe ukishashinda. Majani yao ya dhahabu kwenye bango hayamdanganyi mtu anayeteua filamu. Yanampa sababu ya kukutilia shaka.

Linki ya Vimeo, tovuti ya video unakoiweka filamu, usiibadilishe wala neno lake la siri mpaka tamasha la mwisho lijibu. Ukirekebisha rangi, badilisha faili ndani ya linki ileile. Na hakikisha malipo ya akaunti hayaishi katikati ya msimu. Jopo likikuta ukurasa mtupu linahamia filamu inayofuata.

Ukikubaliwa utaombwa DCP, furushi la mafaili linalosomwa na projekta ya sinema. DCP-o-matic ni programu ya bure na inatosha kwa filamu fupi. Picha ya HD ya pikseli 1920 kwa 1080 ikiwekwa kwenye umbo la 1998 kwa 1080 hubaki na ukingo mweusi wa pikseli 39 kila upande, na hilo si kosa. Usiivute ijae, utakata maandishi. Kwa kiwango cha juu cha megabiti 250 kwa sekunde, dakika 15 hufikia gigabaiti 28, kwa hiyo uliza kama wanapakua mtandaoni au wanataka diski. Diski iliyopangwa kwa mtindo wa kompyuta ya Apple hukataliwa na seva za sinema. Mpangilio wa EXT2 au EXT3 ndio salama. Folda usiibadilishe jina la ndani wala usifungue mafaili yake ya XML (maelezo yanayosomwa na seva) "kuona tu". Kisha omba kuiona DCP yenyewe kwenye ukumbi wowote siku ambayo hakuna watu, hata dakika tano. Rangi za ngozi nyeusi zilizopimwa kwenye laptopu yenye mwanga mkali huzama gizani kwenye kioo kikubwa, na hilo huligundui penginepo.

Onyesho lako mwenyewe, baada ya msimu wa matamasha, lifanye kwenye sinema ya manispaa, yaani Kommunales Kino. Miji mingi ya Ujerumani inayo, na mchana wa Jumapili mara nyingi bei inazungumzika, kodi ya moja kwa moja au mgawo wa tiketi. Sinema kwa kawaida tayari ina mkataba na GEMA, shirika la haki za muziki; ukumbi wa chama au wa kanisa huenda hauna, na hapo anayetakiwa kujisajili ni wewe mwandaaji. Filamu isiyopimwa na FSK, chombo cha Ujerumani kinachopanga umri wa watazamaji, huonyeshwa hadharani kwa waliotimiza miaka 18 tu. Usiandike "familia zote karibuni" kwenye bango kabla ya kuzungumza na sinema juu ya hilo, la sivyo kina mama watarudishwa mlangoni na watoto wao.

Baadhi ya matamasha hulipa kidogo kwa kuonyesha filamu fupi, mara nyingine mpaka uombe. Kabla ya kutoa ankara, soma karatasi ya kijani inayoambatana na kibali chako cha kuishi. Wanafunzi wengi wana maneno "Selbständige Tätigkeit nicht gestattet", kwamba kazi ya kujiajiri hairuhusiwi, na siku 140 za kazi kwa mwaka wanazoruhusiwa ni za kuajiriwa. Ruhusa ya kujiajiri huombwa ofisi ya wageni kwa barua inayoeleza kazi na kipato kinachotarajiwa. Iombe kabla ya ankara ya kwanza.

Mwigizaji wako aliyeko Dar akialikwa, barua ya tamasha itaje nani analipa nauli, malazi na bima, na tarehe za kuingia na kutoka. Viza ya Schengen ya muda mfupi ni euro 90, na ombi huruhusiwa kuwasilishwa hadi miezi sita kabla ya safari. Tamasha hutangaza programu wiki chache tu kabla, na miadi ya ubalozi haikusubiri, kwa hiyo waombe wakutumie barua siku ileile unapothibitisha, hata kama tangazo bado ni siri.

Kwa filamu zenye sura yetu usiisahau milango iliyo karibu: tamasha la filamu za Afrika la Köln lililoanza 1992, Film Africa ya London, FCAT ya Tarifa kule Hispania, na Vues d'Afrique ya Montreal kwa wenye maandishi ya Kifaransa. Nyumbani iko ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ambako filamu huonyeshwa usiku ndani ya Ngome Kongwe, Unguja, na watazamaji hawahitaji maandishi ya chini ili wacheke mahali panapostahili. FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, ni miaka ya witiri tu, 2025 kisha 2027.

Na kwa anayetaka kupanda ngazi, Berlinale Talents huchukua watu 200 kila mwaka na hufunga maombi mwanzoni mwa Septemba. Haichukui wanaoanza kabisa, inataka uwe na kazi iliyokwisha kuonyeshwa. Mifuko kama Hubert Bals ya Rotterdam na World Cinema Fund ya Berlin imeundwa kwa nchi zetu, lakini kila mmoja una masharti yake, na uraia na makazi ni mambo mawili tofauti: mtu anayeishi Leipzig kwa pasipoti ya Uganda huenda akapita kwa kimoja na kuangushwa na kingine. Waandikie swali hilo moja kwa barua pepe kabla hujaandika hata ukurasa wa kwanza wa maombi, na jibu lao lihifadhi pamoja na mikataba.