Bani Lisilo na Moto

Wengi wanaofuata siga Cuba, yale masokoto manene ya majani matupu ya tumbaku, huishia Havana. Wananunua boksi la Cohiba au Montecristo kwenye duka la serikali, wanapiga picha mbele ya jengo la Capitolio, basi. Mimi nami Havana niliipa siku zake, na muda mwingi niliumalizia kuwakwepa vijana wa mitaani wanaokunong'oneza kwamba leo ndiyo siku ya ushirika, wafanyakazi wa kiwandani wanauza mgao wao kwa bei ya kutupa. Siku ya ushirika huko ni kila siku. Na mtoto wa Urambo, kule Tabora kwa wakulima wa tumbaku, ukimtajia ushirika na bei nzuri kwa pumzi moja, anajua hapo kuna namna.

Ilikuwa Februari 2019. Nilikuwa nafanya kazi Madrid, na huko ndiko nilikozoea siga. Hispania zinauzwa kwenye maduka maalumu ya tumbaku, bei imepangwa na ni ileile kila duka, kwa hiyo hata mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kujinunulia moja ya Ijumaa jioni. Sigara za kawaida sijawahi kuvuta na sivuti hadi leo. Moshi wa siga haumezwi. Unauzungusha mdomoni, unausikilizia, unautoa. Madhara yapo, sibishani na daktari yeyote.

Nilichotamani kukiona hasa ni shamba. Baba yangu amelima tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la tanuri, tangu kabla sijazaliwa. Nimekulia pembeni ya bani, yaani jengo la kukaushia tumbaku, nimechuma majani yenye umande asubuhi hadi nikatapika, na ule utomvu mweusi wa mikononi naujua: sabuni haiutoi. Lakini kwetu tumbaku inafungwa mitumba, inapanda lori, na sisi tunabaki na karatasi ya madai. Sijawahi kukutana na mkulima wa Urambo aliyevuta alicholima.

Nikapanda basi la Viazul kwenda Viñales, mkoa wa Pinar del Río, upande wa magharibi. Bonde hilo UNESCO iliutambua uzuri wake mwaka 1999, na si bure: majabali ya chokaa yameota katikati ya mashamba kama vichuguu vya majitu, chini yake udongo mwekundu, na ng'ombe dume wawili wawili wanavuta plau. Wajuzi watakwambia jani bora kabisa la siga linatoka San Luis na San Juan y Martínez, mbele zaidi ya hapo. Ni kweli. Lakini Viñales ndiko wakulima wamezoea wageni, na mimi sikuwa na mwenyeji.

Mama mwenye nyumba niliyofikia alinielekeza kwa mzee mmoja. Nilimkuta na kundi la Wafaransa, kijana wake akiwapa maelezo. Kijana alichomoa mshipa wa kati wa jani, akauinua juu, akasema: nikotini yote imo humu, sisi tunautoa, ndiyo maana siga yetu haina madhara. Wafaransa wakaguna kwa furaha. Hadithi hiyo utaisikia kila shamba la Viñales na si ya kweli. Nikotini imejaa kwenye jani lenyewe kuliko kwenye mshipa. Mshipa unatolewa kwa sababu ni mnene, hauungui sawasawa na unachachua ladha. Nikamtazama mzee. Naye alikuwa ananitazama mimi, akainua nyusi kidogo, akageukia pembeni kutema mate. Tukaelewana.

Wageni walipoondoka nikamwambia, kwa Kihispania changu cha Madrid, kwamba kwetu Tanzania nasi tunalima tumbaku. Aliitikia kwa adabu tu, nadhani ameshaambiwa mengi na watalii. Akanipeleka ndani ya bani lake.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa, kwa maana ya furaha. Bani la kwetu ni la matofali, dogo, limezibwa kila tundu, chini kuna tanuri na mabomba ya joto. Unalala nje usiku kucha ukiongeza kuni za miyombo, na ndani ya wiki moja hivi jani limekauka njano. Ukisinzia, joto likashuka au likapanda, msimu umeuharibu. Bani la mzee lilikuwa la mbao na paa la makuti lililoshuka karibu na ardhi, refu, lenye giza, na halikuwa na moto. Hakuna tanuri, hakuna jivu. Majani yametungwa kwa uzi kwenye fito, yamening'inizwa ngazi kwa ngazi hadi juu, yanangojea hewa. Siku hamsini hivi, alisema, na kazi yake ni kufungua na kufunga milango kufuatana na hali ya hewa. Ya chini yalikuwa bado kijani, ya katikati njano, na juu kabisa gizani rangi ya kahawia. Harufu nayo haikuwa ile ya kwetu ya moshi na asali kuungua. Ilikuwa ya nyasi mbichi iliyochanganyika na zizi.

Nilimuuliza kuni anapata wapi za kukaushia ikinyesha wiki nzima. Alicheka. Nikamweleza kuhusu miti tunayokata kila mwaka, na kwa mara ya kwanza akanisikiliza kwa makini. (Miaka mitatu na ushei baadaye, Septemba 2022, kimbunga Ian kilipiga mkoa huo na kuangusha maelfu ya mabani. La kwake sijui. Namba aliyonipa haikupatikana tena.)

Akashusha jani moja, akanipa, akasubiri. Nilifanya kile ambacho mikono yangu imefundishwa tangu utotoni: nikalifumba kiganjani, nikalisogeza sikioni, nikaliachia. Lilifunguka taratibu bila kupasuka, ila karibu na ncha lilitoa mlio mdogo. Nikamwambia, huku ncha bado kukavu, litavunjika ukilifunga leo. Mzee akalichukua, akarudia vilevile, jani sikioni. Kisha akamwita kijana wake kwa sauti kubwa: "Njoo umsikilize huyu, maana mimi husikii ninayokwambia!"

Tangu hapo sikuwa mtalii tena. Tulikaa kwenye meza yake akanionyesha aina tatu za majani ya ndani ya siga. Volado linachumwa chini ya mche. Jepesi, kazi yake ni kusaidia kuungua. Seco la katikati ndilo lenye harufu. Ligero la juu limepigwa jua zaidi, nene, lina mafuta unayoyasikia kwa kidole gumba, na ndilo lenye nguvu. Ligero huwekwa katikati ya siga kwa sababu huungua polepole. Hakuyabana kama mtu anayefunga mzigo. Aliyakunja moja moja, akiacha vinjia vya hewa, akayaviringisha ndani ya jani la kushikia, mwishoni akalivika jani la nje, laini, lisilo na doa, alilolikata kwa kisu cha duara kisicho na mpini. Kichwani akalibandika kwa tone la asali.

Hiyo hakunipa. Ilikuwa bado ina maji. Alifungua kabati akatoa nyingine isiyo na pete wala jina, akaikata kichwa, akachovya asalini, akaniwashia. Mwanzo ilinipiga pilipili manga puani, kali. Ilipofika theluthi ilitulia, ikaja kahawa, ikaja karanga za kukaanga. Jivu lilikuwa jeupe-kijivu, likashika bila kuanguka huku mzee akinieleza kwamba asilimia tisini ya mavuno huichukua serikali kwa bei yake, kumi inabaki kwake, na tuliyokuwa tunavuta ni ya hiyo kumi. Nimevuta siga za bei mbaya Madrid, zilizosokotwa kwa ustadi zaidi. Hii iliungua upande mmoja, ilibidi kuiwasha tena mara kwa mara. Na bado ndiyo niliyoifurahia kuliko zote, sijali nani anabisha.

Nilinunua ishirini, zikafungwa kwenye jani kavu. Ishirini ndicho kiwango ambacho forodha ya Cuba iliruhusu kutoka nazo bila karatasi. Kila moja dola nne.

Jioni nikakaa kwenye uwanja wa kanisa, mahali watu wote walipokusanyika kutafuta intaneti, nikakwangua kadi nikampigia baba. Picha nilikuwa nimeshamtumia.

"Hilo bani mbona halina tanuri?"

"Wanakausha kwa hewa, baba."

"Kuni hawanunui?"

"Hata kijiti."

Akanyamaza. Akauliza bei, nikamwambia.

"Kwa kilo?"

"Kwa moja, baba. Siga moja."

Msimu uliotangulia hakupata hiyo kwa kilo nzima. Nikasikia anamsimulia mama, mama anasema acha uongo. Nikamweleza na ile tisini inayokwenda serikalini.

"Aa, hapo tuko sawa," alisema. "Lakini hiyo kumi. Walipewa tu, au waliidai?"

"Sikumuuliza."

"Kesho rudi umuulize. Na kama aliidai yeye, mwambie aje huku agombee uenyekiti wa chama cha msingi cha ushirika, mimi nitamfanyia kampeni."