Mwingereza wa Mombasa na karatasi zake

Ukitaja Mwingereza hapa Mombasa, fikra za wengi hukimbilia Nyali, kwa mzungu mstaafu na mbwa wake. Lakini Waingereza wamo pia Kibokoni, Majengo na Likoni: mama aliyeuguza wagonjwa Leicester kisha akarudi kwao, kijana aliyezaliwa London akalelewa na bibi yake huku, mzee aliyerithi uraia kwa baba. Wengi wanaushukuru uraia huo, na wapo wanaojivunia, ila hawasemi kwa sauti. Wanalijua swali litakalowafuata barazani: na yale waliyotufanyia?

Swali lina haki ya kuulizwa. Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri bungeni kwamba Wakenya waliteswa na utawala wa kikoloni wakati wa hali ya hatari, yaani miaka ya vita vya Mau Mau, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwishoni mwa Oktoba 2023, ziara iliyomfikisha hadi Fort Jesus na Msikiti wa Mandhry, alieleza huzuni na majuto yake lakini hakuomba radhi rasmi. Wasioridhika wana hoja. Hata hivyo wazee wale waliodai walifika kwenye malipo kwa kuwa waliishtaki serikali hiyo katika mahakama zake yenyewe, London, na majaji wakakubali kesi isikilizwe. Kwangu mimi hapo ndipo fahari ya Uingereza ilipo: sheria inayosomeka na mtu yeyote, inayoweza kushtakiwa, na inayorekebishwa hata ikichelewa. Sheria ya uraia ni ushahidi mzuri, na kwa watu wa pwani ina mambo yake.

La kwanza halijulikani hata na wengi wenye pasipoti: Mombasa haikuwa koloni. Ukanda wa maili kumi wa pwani ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, ukakodishwa kwa Waingereza mwaka 1895. Bara ilipotangazwa Koloni la Kenya mwaka 1920, ukanda huu ulibaki himaya tu, yaani eneo lililo chini ya ulinzi wa Uingereza, na bendera ya Sultani ikaendelea kupepea Fort Jesus mpaka uhuru. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Nakuru mwaka 1950 alizaliwa raia wa Uingereza na Makoloni, ilhali wa Mombasa kwa kawaida alikuwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Uingereza, asiye raia. Anayedai chochote kupitia babu aliyezaliwa mjini hapa asinakili maelezo ya jirani ambaye babu yake ni wa bara. Fomu ni ileile, jibu silo.

Tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru, aliyezaliwa Kenya na mzazi mmoja naye akawa amezaliwa Kenya alikuwa Mkenya papo hapo. Wengine, hasa wenye asili ya Bara Hindi, walipewa miaka miwili wajiandikishe. Waliosita walibaki na pasipoti ya Uingereza, halafu Machi 1968 sheria iliyopitishwa bungeni London kwa siku chache ikawafungia mlango wasio na mzazi wala babu wa kule. Kuanzia 1 Januari 1983 wengi wao wakaitwa raia wa Uingereza wa ng'ambo: pasipoti mkononi, haki ya kuishi Uingereza hakuna. Ilikuwa aibu, na sioni sababu ya kuipaka rangi. Marekebisho yalikuja 30 Aprili 2003. Tangu siku hiyo mwenye daraja hilo, au aliyebaki mtu wa kulindwa, anaweza kusajiliwa kuwa raia kamili ikiwa hana uraia mwingine wowote na hakuachia wala kupoteza mwingine kwa hiari yake baada ya 4 Julai 2002. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloangusha maombi. Kuna anayekwenda kuukana uraia wa India au wa Kenya ili afuzu, na kwa kitendo hicho hicho anajifungia njia.

Kwa vijana, suala kubwa ni nasaba. Mama yetu wa Leicester aliyepewa uraia kule akijifungua Mombasa, mtoto ni Mwingereza tangu anazaliwa; hakuna uraia wa kuomba, kuna pasipoti tu. Lakini mtoto huyo ni Mwingereza wa kurithi, na urithi unaishia kwake. Akizaa naye Mombasa, mjukuu hapati kitu moja kwa moja. Ipo njia ya kumsajili mjukuu kabla hajafika miaka 18: mzazi wake yule wa kurithi awe aliwahi kuishi Uingereza miaka mitatu mfululizo kabla ya mtoto kuzaliwa, asiwe nje zaidi ya siku 270 katika miaka hiyo, na babu au bibi awe raia asiye wa kurithi. Tazama neno kabla. Miaka mitatu iliyokaliwa baada ya mtoto kuzaliwa inaingia katika kifungu kingine, ambacho kinataka wazazi na mtoto wawe wanaishi kule pamoja.

Na kama mtoto alizaliwa Mombasa kabla mama hajapewa uraia wake? Huyo si Mwingereza kwa kuzaliwa, hata kama nduguye mdogo ni Mwingereza. Ataombewa usajili akiwa bado mdogo, na uamuzi ni wa Wizara ya Mambo ya Ndani ya kule.

Ikiwa Mwingereza ni baba, itazamwe tarehe. Kwa aliyezaliwa kabla ya 1 Julai 2006, baba alipaswa kuwa amemwoa mama. Hapa nikaha inaleta kazi. Ndoa iliyofungwa kihalali Kenya inatambuliwa, ila afisa wa pasipoti anataka cheti, hamjui shahidi wala khatibu. Nikaha iliyofungwa msikitini ikaishia kwenye daftari la msikiti inabidi kwanza isajiliwe na kutolewa cheti rasmi, jambo linaloanzia kwa kadhi, na ni heri lifanywe wazee walioshuhudia wakiwa bado hai. Kama ndoa haikuwepo, tangu Aprili 2015 mtoto anaweza kusajiliwa mwenyewe bila ada ya maombi, mradi ubaba uthibitike. Na waliozaliwa nje kabla ya 1983 na mama Mwingereza, ambao zamani hawakurithi kitu kwa sababu tu mzazi wao ni mwanamke, nao wana kifungu chao. Mwaka 2022 kikaongezwa kingine kwa waliokuwa bado wameachwa nje na dhuluma za aina hiyo.

Maombi mengi ya pasipoti ya kwanza hukwama kwenye vitu viwili vidogo. Kimoja ni cheti cha kuzaliwa kilichochelewa. Sheria ya Kenya inataka uzazi uandikishwe ndani ya miezi sita. Cheti kilichotolewa mtoto ana miaka tisa, mwezi mmoja kabla ya ombi, kinatiliwa shaka. Ambatanisha kadi ya kliniki ya mama mjamzito, kadi ya chanjo, karatasi ya hospitali ya kuruhusiwa kutoka, rekodi ya kwanza ya shule. Hospitali nyingine huharibu majalada ya zamani, kwa hiyo usingoje. Cha pili ni majina. Mohamed kwenye cheti, Muhammad kwenye pasipoti ya Kenya, Mohammed kwenye cheti cha ndoa. Pengine bin kapotea njiani na jina la babu limegeuka kuwa la ukoo. Ofisi ya pasipoti ya Uingereza inataka mtu awe na jina moja kwenye pasipoti zake zote. Rekebisha upande wa Kenya kwanza, kwa hati ya kiapo na tangazo katika gazeti rasmi la serikali ikibidi, ndipo uombe. Kumbuka pia kwamba Ubalozi wa Uingereza Nairobi hautoi pasipoti za kawaida, zinachapishwa Uingereza. Ubalozi utakusaidia na hati ya dharura ya kusafiria, basi.

Walioko Uingereza wakingoja uraia wanazijua hesabu: miaka mitano ya kukaa, siku zisizozidi 450 nje, na zisizozidi 90 katika mwaka wa mwisho, aliyeoa au kuolewa na raia ni miaka mitatu na siku 270. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi hazihesabiwi kuwa nje, jambo linalookoa wengi wanaokuja harusini na matangani. Kinachowaponza ni kwamba siku ile hasa ya miaka mitano nyuma, au mitatu, kutoka tarehe ya ombi, lazima uwe ulikuwa ndani ya Uingereza. Mtihani wa maisha ya kule una maswali 24 kwa dakika 45, na unapita kwa 18. Ada ya ombi imevuka pauni 1,600 na hairudishwi. Mwisho wa yote ni hafla, ambazo zilianza Februari 2004 huko Brent, London. Unaapa kwa Mungu au unathibitisha bila kuapa, hiari yako, lakini Mfalme Charles wa Tatu na warithi wake watatajwa vyovyote vile. Kisha kuna ahadi ya kuheshimu haki, uhuru na demokrasia ya nchi. Uraia unaanza dakika hiyo, na viza yako inakufa dakika hiyo hiyo. Usikate tiketi ya Mombasa kabla ya pasipoti mpya kufika, maana cheti cha uraia hakikupandishi ndege.

Upande wa Kenya, Katiba ya 27 Agosti 2010 iliruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa pili bila kupoteza wa kwanza. Watu husherehekea hapo wakasahau sheria ya 2011: uraia wa pili lazima utangazwe kwa Idara ya Uhamiaji ndani ya miezi mitatu, na kutotangaza kunaweza kukuletea faini hadi shilingi milioni 5, kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili. Aliyechukua uraia wa Uingereza kabla ya siku hiyo ya 2010 yuko mahali pengine kabisa. Aliupoteza wa Kenya, na kitambulisho chake cha zamani droo­ni hakiurudishi. Anatakiwa aombe kuurejesha, na ni haki yake kurejeshewa. Hii si karatasi tupu kwa mwenye shamba Kilifi au nyumba mjini. Asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele, ni kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99.

Safarini, maafisa wa uhamiaji uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, waone pasipoti ya Kenya, wa shirika la ndege waone ya Uingereza. Mwenye kuonyesha ya Kenya peke yake ataulizwa viza, na Mwingereza hapewi viza ya kwao.

Sasa shukrani nayo iwe na kipimo. Uraia huu haukupi matibabu ya bure hospitali za kule ukiwa mkaazi wa Mombasa. Hayo yanafuata makaazi, na mgeni Mwingereza anayekwenda likizo hulipishwa, isipokuwa kitengo cha dharura. Haukupi karo nafuu ya chuo kikuu: mwanafunzi anatazamwa kama aliishi kule miaka mitatu kabla ya kozi kuanza, na mtoto aliyelelewa Tudor hapa Mombasa na pasipoti ya bluu mfukoni atatozwa kama mgeni. Pensheni ya serikali utaipata ukiwa na miaka 10 ya michango, kamili ni 35, lakini ukiipokea ukiwa Kenya kiwango kinagandishwa pale kilipoanzia. Ukikamatwa hapa nawe ni Mkenya pia, kwa kawaida Ubalozi hauingilii. Kumchukua mke au mume kunataka kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, na hilo naliona ni kali mno kwa wauguzi na wapishi ambao nchi ile inawategemea.

Uraia huu unachokupa kweli ni haki ya kuingia na kukaa bila kuomba ruhusa ya mtu, na kura. Kura ndiyo wengi wa hapa wanaiacha ilale. Tangu 16 Januari 2024 ukomo wa miaka 15 ng'ambo umeondolewa, hivyo aliyewahi kuishi kule wakati wowote anaweza kujiandikisha katika jimbo alilokaa mwisho na kumchagua mbunge, na usajili unahuishwa kila miaka mitatu. Mwisho wa kujiandikisha ni siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Usiombe karatasi ya kura kwa posta, itafika Mombasa matokeo yameshatangazwa. Mteue wakala wa kukupigia, maombi yawe yamefika kabla ya saa kumi na moja jioni, siku sita za kazi kabla. Akiwa ni ndugu anayepigia jamaa wengi, mwulize kwanza: mtu mmoja haruhusiwi kuwa wakala wa zaidi ya wapiga kura wanne, na kati yao wasiozidi wawili ndio wawe wakaazi wa kule kule.